Wasifu wa mwanasiasa mwenye utata: jinsi ya kuuandika kwa haki kwenye Wikipedia ya Kiswahili

Mwanasiasa anayewagawa watu huwa na wasifu wa aina mbili mtandaoni. Mmoja ni wa wapambe: shule alizosoma, vyeo alivyoshika, tuzo, na picha akiwa amezungukwa na watoto. Wa pili ni wa mahasimu: kashfa juu ya kashfa, na kila sentensi inaanza na "inasemekana". Makala ya Wikipedia kwa kawaida huzaliwa ikiwa moja ya hizo mbili, na anayekuja kuitengeneza hushawishika kuchota huku na huku, sifa moja kwa lawama moja. Makala ya namna hiyo haimridhishi yeyote, na wala si ya haki. Tunachotafuta ni makala ambayo kila tukio lina tarehe, kila dai lina mwenyewe, na kila kesi imefikishwa ilikoishia. Hilo la tatu ndilo linalokosekana zaidi kwenye kurasa zetu. Tuhuma iliandikwa siku ilipovuma, na ilivyokwisha hakuna aliyerudi kuiandika.

Ukali wa Wikipedia kuhusu watu walio hai una chimbuko. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika kwamba mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John na Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa zaidi ya miezi minne kabla ya kuondolewa. Hiyo ilikuwa Wikipedia ya Kiingereza, yenye wahariri wengi. Kwetu wakabidhi (wahariri waliopewa mamlaka ya kusimamia kurasa) ni wachache na kurasa nyingi hazina anayezitazama, kwa hiyo uongo wa aina ile unaweza kukaa hata zaidi.

Hatua ya 1: Soma historia kabla ya makala

Fungua akaunti kwanza (jina la bandia linaruhusiwa), kisha ingia kwenye ukurasa na ubonyeze "Fungua historia". Tazama mabadiliko kama 50 ya mwisho. Kila badiliko lina namba ya baiti: kijani kilichoongezwa, nyekundu kilichopungua. Ukikuta -2,400 kwa rangi nyekundu na muhtasari wa badiliko hauna neno, sehemu nzima imeondolewa kimyakimya. Bonyeza uone ilikuwa nini. Mara nyingi ni aya ya kesi, na aliyeifuta ni akaunti ambayo haijawahi kuhariri makala nyingine yoyote.

Usikimbilie kurudisha toleo la zamani lote. Kati ya lile na la sasa huenda kuna mtu aliyesahihisha mwaka wa kuzaliwa au kuongeza matokeo ya uchaguzi, nawe utamfutia kazi yake. Nakili kilichoondolewa, kikague kama bado kinasimama, kisha ukirudishe peke yake. Kabla ya hapo soma ukurasa wa majadiliano, kwani huenda jambo lilishazungumzwa na kuamuliwa.

Hatua ya 2: Ondoa kisicho na chanzo leo hii

Sentensi yenye tuhuma au aibu kuhusu mtu aliye hai, isiyo na chanzo au yenye chanzo dhaifu, inaondolewa papo hapo. Haisubiri mjadala, wala haiwekewi alama ya "chanzo kinahitajika" ikae miaka mitatu. Alama hiyo ni ya mambo yasiyomdhuru mtu, kama jina la shule ya msingi. Sifa nazo zipite kwenye chujio hilohilo. "Aliinua uchumi wa mkoa wake" ni dai zito kama "aliiba fedha za mkoa wake", na mwenye dai ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha.

Kwenye muhtasari andika sababu kwa maneno yanayoeleweka: "Nimeondoa sentensi kuhusu umiliki wa shamba, aya ya 3, haina chanzo." Usiinakili tuhuma yenyewe kwenye ukurasa wa majadiliano, maana utakuwa umeihamisha kutoka sebuleni kwenda barazani. Kama kilichoandikwa ni namba ya simu, anwani ya nyumbani au namba ya kitambulisho, kuifuta hakutoshi, kwa sababu matoleo ya zamani yanabaki wazi kwenye historia. Mwombe mkabidhi alifiche toleo hilo.

Jambo la kando lakini la lazima: ukiwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa kukusudia, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2018. Chanzo imara kinamlinda msomaji na kinakulinda nawe.

Hatua ya 3: Panga vyanzo kwa jinsi vilivyo karibu na mwanasiasa

Vya kwanza ni vyombo vya habari vyenye wahariri na vyenye desturi ya kusahihisha makosa: Mwananchi, Nipashe, The Citizen, Taifa Leo, Nation, The Standard, idhaa za Kiswahili za BBC na DW. Vitabu vya wanahistoria na wanasayansi wa siasa ni bora zaidi, ila vinachelewa. Kwa tuhuma nzito tafuta vyombo viwili visivyo vya kampuni moja, kisha hakikisha cha pili hakikunakili cha kwanza. Taarifa ya shirika moja la habari ikichapishwa na magazeti matano ni chanzo kimoja.

Kumbukumbu rasmi kama Hansard (kumbukumbu za mijadala ya Bunge), hukumu kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na matokeo ya tume za uchaguzi zitumie kuhakiki tarehe, tarakimu na maneno halisi ya jambo ambalo vyombo vya habari vimeshaliripoti. Usiingie kwenye jalada la mahakama ukatoka na tuhuma ambayo hakuna gazeti lililoigusa. Huo ni uchunguzi wako mwenyewe, na kamusi elezo si mahali pake. Kumbuka pia kwamba hati ya mashtaka ni upande mmoja tu unaozungumza.

Wasifu ulio kwenye tovuti ya Bunge kwa kawaida unatokana na maelezo ya mbunge mwenyewe. Unafaa kwa jimbo, kamati na miaka ya ubunge. Ikifika kwenye shahada, tafuta chanzo cha pili.

Gazeti la chama au la serikali linaruhusiwa, ila msomaji aambiwe ni la nani: "Uhuru, gazeti la CCM, liliandika kwamba…". Na mwenye maslahi leo anaweza kuwa na maslahi ya kinyume kesho. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania, ni mfano usio na mpinzani. Viongozi wa Chadema walimtaja kwa miaka miongoni mwa mafisadi, kisha Julai 2015 chama hichohicho kikampokea na kumfanya mgombea urais, huku waliokuwa wakimtetea ndani ya CCM wakigeuka kumshambulia. Anayenukuu upande wowote bila kuweka mwaka wa kauli anaandika upuuzi. Tarehe ya chanzo ni sehemu ya chanzo.

Kila kiungo ukipate pia kwenye hifadhi ya mtandao (web.archive.org) siku hiyohiyo, na uweke anwani ya hifadhi ndani ya tanbihi. Magazeti yetu yakibadilisha tovuti, viungo vya miaka kumi hufa kwa mkupuo, na makala iliyokuwa na tanbihi 30 inabaki na 8 zinazofunguka. Hapo ndipo mpambe anapokuja na kusema, "chanzo hakipo, nafuta."

Hatua ya 4: Chora jedwali nje ya makala

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, fungua karatasi au lahajedwali na uweke safu tano: tarehe, tukio, nani kasema, mhusika alijibu nini, liliishaje. Jaza kila jambo lenye utata. Safu ya nne na ya tano ndizo zitakazobaki tupu, na ndizo zitakazokupa kazi. Safu ya mwisho ikiwa tupu baada ya kutafuta kwa bidii, andika ulipofikia na tarehe: "hadi Machi 2022 kesi ilikuwa haijasikilizwa." Usiandike "kwa sasa", "hivi karibuni" wala "mpaka leo". Leo ya mwandishi si leo ya msomaji.

Hatua ya 5: Chagua kitenzi kama unavyochagua dawa

Hapa ndipo wasifu unapopona au kufa. Tuhuma, shutuma, mashtaka na hatia ni vitu vinne tofauti, na kwenye kurasa zetu vinachanganywa kama vile ni kimoja. Ngazi yenyewe ni hii: mtu anatajwa, anahojiwa, anakamatwa, anashtakiwa, anakutwa na kesi ya kujibu, anatiwa hatiani, anapewa adhabu, anakata rufaa. Usimpandishe mtu ngazi ambayo chanzo hakikumpandisha. "Alihukumiwa" ni neno la kuliogopa. Mmoja analisoma kuwa alikutwa na hatia, mwingine kuwa alipewa kifungo. Andika "alitiwa hatiani tarehe fulani, akapewa kifungo cha miaka kadhaa."

Milango ya kutokea nayo ni mingi, na si yote inayoitwa "kushinda kesi". Tazama mifano minne.

Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021 na kushtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Februari 2022 Mahakama Kuu ilisema ana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi 2022, kabla utetezi wake haujasikilizwa, Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi. Kuandika "alishinda" ni kosa, na kuandika "alisamehewa" ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu anayesamehewa ni aliyekwisha kutiwa hatiani. Kitenzi ni "mashtaka yaliondolewa", na mwenye kutenda ni Mkurugenzi wa Mashtaka.

Uhuru Kenyatta na William Ruto walipelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, na watu wengi huziandika kesi zao kwa sentensi moja. Zilikwisha kwa njia mbili tofauti. Ya Kenyatta haikuwahi kuanza kusikilizwa: tarehe 5 Desemba 2014 Mwendesha Mashtaka Fatou Bensouda aliyaondoa mashtaka, akisema ushahidi alio nao hautoshi. Ya Ruto ilianza Septemba 2013, upande wa mashtaka ukaleta mashahidi wake, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu wakaisimamisha.

Hebu tuitazame hiyo ya Ruto kwa karibu. Mashabiki huandika: "Ruto alishinda kesi ICC baada ya kuthibitika hana hatia." Mahasimu huandika: "Ruto aliponyoka ICC baada ya mashahidi kutishwa." Sentensi zote mbili zimeshika kipande cha kweli na kukikunja. Majaji walifuta mashtaka bila kutamka kwamba hana hatia, na waliacha wazi uwezekano wa kushtakiwa upya, kwa hiyo ya kwanza inaanguka. Ya pili inamfunga Ruto kwenye vitisho kwa kitenzi "aliponyoka" bila kusema nani alisema nini. Iandike hivi:

"Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliisimamisha kesi na kufuta mashtaka, bila kutoa hukumu ya kutokuwa na hatia na bila kuzuia mashtaka mapya siku za mbele. Jaji Chile Eboe-Osuji, mmoja wa hao wawili, alisema mwenendo wa kesi ulikuwa umeharibiwa na kuingiliwa kwa mashahidi na kwa shinikizo la kisiasa. Jaji Olga Herrera Carbuccia alipinga uamuzi wa wenzake. Ruto alikana mashtaka tangu mwanzo."

Ni ndefu, ndiyo. Lakini kila upande ukija kuibomoa utakuta hakuna neno la kung'oa.

Mfano wa nne ni Jean-Pierre Bemba wa Kongo, ambaye makala yake hukosewa kwa kuunganisha kesi mbili. Machi 2016 alitiwa hatiani kwa uhalifu uliofanywa na wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003, akapewa kifungo cha miaka 18. Tarehe 8 Juni 2018 majaji wa rufaa waliitengua hatia hiyo, na hapo "aliachiwa huru" ni maneno sahihi kabisa. Lakini hatia yake nyingine, ya kuwashawishi mashahidi kwa njia chafu, ilibaki, ikiwa na kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 300,000, na ndiyo iliyotumiwa kumzuia kugombea urais mwaka huo wa 2018. Ukiacha kutenguliwa kwa hatia ya kwanza umemwonea. Ukiiacha hatia ya pili umempamba, na msomaji hataelewa kwa nini jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura.

Nje ya mahakama pia vitenzi vina ubavu. "Alifichua" na "alibainisha" vinamwambia msomaji kwamba lililosemwa ni kweli. "Alikiri" kinaleta harufu ya kosa. "Alidai" kikitumiwa kwa upande mmoja tu, huku mwingine "akieleza", ni hila. "Alisema" na "alikanusha" vinatosha kwa asilimia kubwa ya kazi. Kiongozi aliyejiuzulu hakufukuzwa, na ambaye uteuzi wake ulitenguliwa hakujiuzulu. Aliyehama chama aandikwe kuwa alihama chama. "Alisaliti" ni lugha ya alikotoka, na "kuunga mkono juhudi", maneno yaliyovuma Tanzania wakati wa Magufuli, ni lugha ya alikokwenda. Yakilazimika kuingia, yaingie ndani ya alama za kunukuu na jina la msemaji.

Pale ambapo mtendaji hajulikani, acha asijulikane. Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, na sentensi inayomtaja aliyefyatua au aliyetuma haina nafasi kwenye ukurasa wowote hadi pawepo chanzo cha kuibeba.

Hatua ya 6: Pima uzito

Kila kitu kinaweza kuwa kweli na makala bado ikawa ya uonevu. Maisha ya siasa ya miaka 25 yamepewa maneno 150, na wiki tatu za kashfa zimepewa 900. Hesabu maneno ya kila sehemu, kisha ujiulize kama vitabu na wasifu uliochapishwa na magazeti makubwa vinagawa hivyo. Hakuna kanuni ya asilimia, lakini jambo moja likizidi theluthi ya makala, hiyo ni dalili kwamba linahitaji ukurasa wake lenyewe, na hapa libaki aya moja yenye kiungo.

Tumrudie Lowassa, aliyefariki Februari 2024. Kwa makala ya maneno kama 600, mgawo unaosimama ni huu: utangulizi 60, maisha ya awali 50, uwaziri 90 (humo kuna maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga), uwaziri mkuu 100 pamoja na shule za kata, Richmond 100, uchaguzi wa 2015 (pamoja na asilimia 39.97 alizotangaziwa dhidi ya 58.46 za Magufuli) 120, kurudi CCM Machi 2019 na kifo 80. Aya ya Richmond ikae hapohapo kwenye mfululizo wa miaka:

"Mwaka 2006, nchi ikiwa na uhaba wa umeme, serikali iliingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake Februari 2008, ikiihusisha ofisi ya Waziri Mkuu na utoaji wa mkataba huo. Lowassa alikanusha, akalalamika kwamba kamati haikumhoji, na akajiuzulu tarehe 7 Februari 2008. Hakushtakiwa mahakamani kuhusu mkataba huo."

Sentensi nne: kilichotokea, aliyesema, alivyojibu, kilivyoishia. Ile ya mwisho itapigwa vita na pande zote mbili. Wapambe watataka waongeze "hivyo alisafishwa", na mahasimu watataka "kwa sababu alilindwa". Hakushtakiwa. Nukta.

Utangulizi nao uitaje. Waziri mkuu aliyejiuzulu kwa kashfa hawezi kuandikiwa aya ya kwanza isiyosema hivyo, kwa kuwa wasomaji wengi wa simu hawaendi mbali zaidi ya hapo. Sentensi moja kati ya nne inatosha.

Epuka kichwa cha "Utata" au "Kashfa" chini ya makala. Kikishawekwa kinageuka jalala: kila mwenye neno anakuja kumwaga lake, hadi mwanasiasa aliyeteleza ulimi kwenye mkutano wa hadhara anakuwa na kifungu kirefu kuliko cha uwaziri wake. Matukio yapangwe kwa miaka. Yule aliyetenda ni mtu mmoja, na maisha yake hayakugawanyika kurasa mbili.

Hatua ya 7: Vua sifa, vyeo na kabila

"Mheshimiwa" na "Mhe." zinatoka. "Dkt." haitangulii jina kwenye kila sentensi, na kama shahada ni ya heshima, sema hivyo mara moja kwenye elimu. Majina ya mapenzi kama "Baba", "Mama" na "Jembe" yanaelezwa kuwa wafuasi wanamwita hivyo, kisha mwandishi anarudi kwenye jina la ukoo. "Mzalendo", "mtetezi wa wanyonge", "fisadi", "dikteta" na "kigeugeu" ni maoni. Ama yawe na mwenyewe ndani ya sentensi, ama yaondoke, yabaki matendo. Badala ya "dikteta" andika gazeti gani lilifungiwa, lini, na kwa sheria ipi.

Kabila, hasa kwenye makala za wanasiasa wa Kenya, huwekwa mstari wa kwanza kana kwamba ni wadhifa. Liweke pale tu vyanzo vinapoeleza linavyohusika na jambo linalosimuliwa. Wenzi, watoto na wazazi wasio viongozi hawahitaji majina, achilia mbali shule wanazosoma.

Picha: isiwe ya bango la kampeni, wala ile aliyokamatwa mdomo wazi katikati ya hotuba. Itoke Wikimedia Commons, yenye leseni huria. Picha ya ukurasa wa chama ina hakimiliki hata kama imesambazwa mara elfu.

Hatua ya 8: Ukitafsiri kutoka Kiingereza

Makala nyingi zetu zinaingia kwa tafsiri ya mashine, na mashine haiogopi mahakama. "Charges", yaani mashtaka, imegeuka "malipo", na "running mate", yaani mgombea mwenza, amekuwa "mwenzi wa mbio". Makosa hayo yanachekesha, na kwa hiyo yanaonekana. Hatari iko kwenye yasiyochekesha, pale kilichosemwa na chanzo kuwa ni tuhuma kinapotua kwenye Kiswahili kikiwa tukio lililothibitika, kwa neno moja tu lililodondoka njiani. Soma kila sentensi yenye polisi, mahakama au fedha ukiwa na chanzo chenyewe mkononi, usitosheke na makala ya Kiingereza. Angalia pia tarehe ya toleo ulilotafsiri: rufaa ikitolewa mwezi unaofuata, Kiingereza kitasahihishwa na chako kitabaki kilivyo.

Hatua ya 9: Vita vya kutenguana

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua (anayefuta badiliko la mwenzake) zaidi ya mara tatu kwenye makala moja ndani ya saa 24 anafungiwa, isipokuwa anaondoa kashfa isiyo na chanzo kuhusu mtu aliye hai. Kwetu ni busara kutengua mara moja tu, kisha kuhamia majadiliano. Andika pale sentensi ya sasa, sentensi unayopendekeza, na vyanzo viwili. Subiri siku tatu hadi saba. Mwenzako akirudi na matusi, mjibu kuhusu sentensi.

Miezi ya uchaguzi ina msimu wake. Akaunti zinafunguliwa siku hiyohiyo, ukurasa unafutwa wote, na washindi wanatangazwa kabla ya tume. Mwombe mkabidhi afunge ukurasa dhidi ya akaunti mpya kwa wiki moja au mbili. Kufunga kwa mwezi mzima kunawazuia na wenye nia njema. Matokeo yaandikwe yakishatangazwa, pamoja na jina la aliyeyatangaza na pingamizi kama lipo. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba wa tume ya Kenya waliyakataa matokeo yaliyompa Ruto asilimia 50.49, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikayaidhinisha. Mambo hayo mawili yanaandikwa pamoja.

Mwanasiasa mwenyewe, au msaidizi wake, akilalamika, msikilize. Mara nyingi ana haki kwenye tarehe, jina la shule au kesi iliyokwisha. Mwelekeze ukurasa wa majadiliano aeleze kosa na alete chanzo, asihariri mwenyewe. Anayelipwa kuhariri anatakiwa na masharti ya Wikimedia, tangu 2014, kumtaja anayemlipa. Ombi la "ondoa, linamchafua" pekee halina uzito kama jambo limeripotiwa na vyombo kadhaa na jibu lake limo.

Hatua ya 10: Kifo

Kwa desturi zetu marehemu hasemwi vibaya, na siku ya msiba makala hugeuka tanzia kwa saa chache. Usiandike kifo kwa uvumi. Machi 2021 habari kuhusu afya ya John Magufuli zilizagaa kwa siku nyingi kabla Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, hajatangaza kifo chake tarehe 17. Subiri tangazo rasmi au vyombo viwili vinavyojitegemea. Chanzo cha kifo kikibishaniwa, kila kauli ipewe mwenyewe: serikali ilisema ni maradhi ya moyo, wapinzani wake wakasema ni UVIKO-19. Andika "alifariki", si "ametutoka". Rudisha aya za kesi zitakazokuwa zimefutwa kwa heshima ya msiba, na kwa muda usiopungua miezi sita, hata miaka miwili, endelea kutumia kanuni za walio hai, kwa kuwa wajane, watoto na kesi za mirathi bado wapo.